Rula Ilipohamishiwa Darini: Kisa cha Enkoda za Leza Ndani ya Mashine ya Kuchapa Chipu

Enkoda ya leza ni kifaa kinachopima mahali kitu kilipo kwa kuangaza rula yenye mistari myembamba: rula ikisogea, mwanga hufifia na kuwaka, na kila mara huhesabiwa kama wimbi moja. Mtu mwenye enkoda ndogo ya leza mezani kwake akitaka isome hatua ndogo zaidi, wazo la kwanza linalomjia ni kuligawa wimbi vipande vingi zaidi. Saketi ya kugawa mara 400 anaing'oa, anaweka ya mara 4,000, na skrini inaongeza tarakimu moja. Kisha anagundua kwamba tarakimu hiyo inachezacheza hata meza ikiwa imetulia tuli. Hapo lawama zote zinamwendea leza.

Mara nyingi leza haina kosa. Ili kuonyesha kosa hukaa wapi, nitachukua kisa kimoja ambacho enkoda za leza zilipewa kazi ngumu kuliko karibu kazi nyingine yoyote ya kiwandani, na ambacho jawabu lake lilikwenda kinyume na mtu angetarajia.

Kampuni ya ASML ya Veldhoven, Uholanzi, hutengeneza mashine zinazochapa saketi za chipu kwa mwanga. Mwaka 2008 ilitangaza jamii mpya ya mashine, TWINSCAN NXT, ikianza na NXT:1950i. Jina halikubadilika sana, ila chini ya lenzi kulikuwa na mageuzi. Kazi ya kupima mahali ilipo meza inayobeba kisahani cha silikoni iliondolewa mikononi mwa intaferometa za leza, vifaa vinavyopima umbali kwa urefu wa wimbi la mwanga, zilizoifanya kwa miaka mingi, ikakabidhiwa enkoda. Intaferometa ya aina iliyokuwa ikitumika huhesabu wimbi moja kila meza inaposogea takriban nanomita 158 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Enkoda ya kioo chenye mistari iliyoachana mikromita 1, katika mpangilio nitakaoueleza, huhesabu wimbi moja kwa kila nanomita 250. Yaani unaweza kuiacha rula yenye alama za karibukaribu, ukachukua yenye alama za mbalimbali, na bado vipimo vikawa bora. Kwa nini?

Tuanze na kazi yenyewe. Kisahani kina kipenyo cha milimita 300. Juu yake saketi hupangwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lazima likae sawasawa juu ya lile lililotangulia. Kwa NXT:1950i, kosa lililoruhusiwa kati ya tabaka na tabaka lilikuwa nanomita 2.5. Unywele wa binadamu una unene wa nanomita 70,000 hivi, kwa hiyo ruhusa hiyo ni kama unywele uliopasuliwa mara 28,000. Na hicho kilikuwa kikomo cha makosa yote kwa jumla: ya lenzi, ya joto, ya kisahani kujikunja, ya kila kitu. Upimaji wa meza ulipewa kijisehemu tu cha hapo. Wakati huohuo meza haisimami kupimwa. Inapita chini ya lenzi kwa mwendo wa milimita 600 hivi kwa sekunde huku ikichapa, inageuka, inarudi, na kiwandani inatakiwa kumaliza visahani zaidi ya 100 kwa saa.

Intaferometa hufanya kazi hii kwa kurusha miali ya leza nyekundu ya heli na neoni, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 633, kutoka kando ya mashine hadi kwenye vioo vilivyobandikwa ubavuni mwa meza. Mwali huenda na kurudi mara mbili, kwa hiyo meza ikisogea robo ya urefu wa wimbi, mwanga unafifia na kuwaka mara moja. Elektroniki hugawa kila wimbi vipande mamia hadi maelfu, na kipande kimoja kinashuka chini ya nanomita. Kwa upande wa upambanuzi, yaani hatua ndogo kabisa ambayo kifaa kinaweza kuitofautisha na nyingine, hapakuwa na malalamiko.

Malalamiko yalikuwa juu ya hewa.

Ukimtazama mtu aliyesimama ng'ambo ya jiko la mkaa lililowaka, utamwona anacheza, naye hajasogea. Hewa ya moto na hewa ya baridi hazipitishi mwanga kwa kasi moja. Ndani ya mashine ya chipu joto linatunzwa kwa uangalifu mkubwa, lakini kanuni ni hiyohiyo. Joto la hewa likibadilika kwa digrii 1, urefu wa wimbi la leza ndani yake hubadilika kwa takriban sehemu 1 kwa milioni. Shinikizo likibadilika kwa hektopaskali 1, ni kama sehemu 0.27 kwa milioni. Sasa fanya hesabu. Mwali ukipita milimita 300 za hewa, na hewa hiyo ikapata joto kwa digrii 0.01 tu, kipimo kinahama nanomita 3. Ruhusa yote ya mashine ilikuwa 2.5.

Kipimajoto hakisaidii sana hapo, kwa sababu tatizo si hali ya hewa ya chumba kwa jumla. Ni vijiupepo. Meza yenyewe, ikikimbia na kugeuka, inatimua hewa mbele yake na kuiburuta nyuma yake, na vimbunga hivyo vidogo hupita katikati ya miali. Waundaji walipuliza hewa iliyosawazishwa joto juu ya njia ya mwanga ili kupunguza msukosuko. Ilisaidia, lakini kadiri meza ilivyoongezewa kasi, ndivyo ilivyojichafulia rula yake yenyewe.

Enkoda huvunja mzunguko huo kwa njia mbili, na watu wengi huzichanganya.

Njia ya kwanza ni umbali. Vichwa vya enkoda, yaani sehemu zinazotoa mwanga na kuusoma, viliwekwa kwenye pembe nne za meza, vikitazama juu, na vioo vyenye mistari vikaning'inizwa juu yao, kuizunguka lenzi, kwenye fremu ileile tulivu inayoishika lenzi. Rula ikawa darini. Kati ya kichwa na kioo pamebaki nafasi finyu. Tuseme mwanga unapita milimita 15 za hewa badala ya 300. Lile badiliko la digrii 0.01 sasa linaleta kosa la nanomita 0.15. Hewa ni ileile, leza haikuboreshwa, wala hakuna aliyegawa wimbi vipande zaidi. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na sijui kama kuna fani nyingine ambako msemo huo unaweza kupigiwa hesabu hadi tarakimu ya pili baada ya nukta.

Njia ya pili ni ya ndani zaidi, na kwangu ndiyo yenye utamu. Katika intaferometa, rula ni urefu wa wimbi la mwanga wenyewe. Hewa ikibadilika, rula inanyooka au kufupika. Katika enkoda, rula ni mistari iliyochongwa kwenye kioo, na mwanga ni mjumbe tu. Mwali wa leza ukigonga mistari, hutawanyika pande mbili, mmoja kushoto na mmoja kulia. Kioo kikisogea nafasi ya mstari mmoja, mwali wa kulia unasogezwa mbele wimbi moja zima katika fezi yake, yaani hatua yake ndani ya mzunguko wa wimbi, na wa kushoto unarudishwa nyuma wimbi moja. Ukiikutanisha, tofauti yao ni mawimbi 2. Ukiirudisha kwanza kwenye kioo itawanywe mara ya pili, tofauti inakuwa 4. Ndiyo maana mistari iliyoachana mikromita 1 inatoa wimbi la nanomita 250. Angalia kwamba katika hesabu hiyo urefu wa wimbi la leza haujatajwa popote. Ukibadilika, pembe za miali zinabadilika kidogo, lakini njia mbili zikiwa na ulinganifu kamili, kinachobadilika upande huu kinabadilika vilevile upande ule na vinafutana.

Ulinganifu huo ndio unaowezesha enkoda ndogo za leza kuwepo hata kidogo. Leza ya nusukipitishi, punje isiyozidi chembe ya sukari, huhamisha urefu wa wimbi lake kila joto linapobadilika, na baadhi yake huruka ghafla kutoka wimbi moja hadi jingine. Katika intaferometa yenye mikono (njia za mwanga) isiyolingana, mruko huo ni balaa. Katika kichwa cha enkoda kilichopangwa vizuri, hautakiwi kuonekana. Ukiuona kwenye vipimo vyako, basi umepewa habari muhimu: kichwa kimekaa upande, na njia mbili za mwanga si sawa kwa urefu.

Sasa tuje kwenye kugawa wimbi, mahali ambapo wengi huanzia.

Kichwa cha enkoda hakitoi wimbi moja la umeme bali mawili, saini na kosaini, yaliyopishana kwa robo ya wimbi. Ukiyachora moja dhidi ya jingine kwenye oskiloskopu, kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme, unapata nukta inayozunguka kwenye duara. Mzunguko mmoja ni wimbi moja, na pembe ya nukta ndiyo mahali ulipo ndani ya wimbi. Kugawa wimbi ni kusoma pembe tu. Ukisoma pembe kwa hatua 4,096, wimbi la nanomita 250 linatoa hatua za nanomita 0.06. Programu ya mistari michache inaweza kufanya hivyo.

Ila hesabu ya pembe huamini kwamba duara ni duara, na kwamba kitovu chake kipo pale unapodhani kipo. Duara la kweli halipatikani kwa urahisi. Mwanga wa pembeni unaoingia kwenye sensa husogeza kitovu. Amplifaya moja ikikuza kuliko mwenzake, duara linavutwa kuwa duaradufu. Sensa zikipishana kwa nyuzi 89 badala ya 90, duaradufu inalala mshazari. Kila kasoro ina alama yake. Kitovu kikihama kwa asilimia 1 ya ukubwa wa wimbi, kosa la pembe hufika radiani 0.01, na kwa wimbi la nanomita 250 hiyo ni nanomita 0.4, likijirudia mara moja kwa kila wimbi. Ukuzaji ukitofautiana kwa asilimia 1, kosa ni nusu ya hapo, yaani 0.2, lakini linajirudia mara mbili kwa wimbi. Nyuzi 1 ya upishano huleta takriban 0.35, nalo mara mbili kwa wimbi.

Hebu weka takwimu hizo kando ya hatua ya 0.06. Kifaa kinasoma hatua ndogo kuliko kosa lake chenyewe mara sita. Tarakimu ya mwisho ipo, inabadilika meza ikisogea, inaonekana ya kweli kabisa, na ni ya uongo.

Dawa yake ilijulikana zamani. Mwaka 1981 Peter Heydemann wa taasisi ya taifa ya vipimo ya Marekani, wakati huo ikiitwa National Bureau of Standards, alichapisha njia ya kuisafisha katika jarida la Applied Optics. Alikuwa akishughulikia intaferometa, lakini duara ni duara. Unasogeza kifaa kupitia mawimbi kadhaa, unakusanya nukta nyingi, kisha unatafuta duaradufu inayopita katikati yao vizuri kuliko zote. Duaradufu hiyo inakupa namba tano: kitovu cha saini, kitovu cha kosaini, ukubwa wa kila moja, na pembe ya upishano. Ukishakuwa nazo, kila kipimo kipya kinanyooshwa kabla ya kusomwa pembe. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji kifaa kingine bora cha kujilinganisha nacho. Duara lenyewe ndilo shahidi. Udhaifu wake ni kwamba kasoro hazitulii. Vumbi likitua kwenye kioo, au kichwa kikipata joto, namba tano zinahama, kwa hiyo inafaa zifuatiliwe kazi ikiendelea. Kufanya mara moja kiwandani na kusahau hakutoshi.

Njia hii pia haigusi kasoro zisizo za umbo la duaradufu. Mwali mzimu, ulioakisiwa mara moja zaidi kwenye uso wa kioo fulani, unaweza kuongeza mawimbi ya mara tatu na mara nne ndani ya wimbi kuu. Duara linapata pembe kidogo, kama chapati iliyosukumwa na mtu mwenye haraka. Hapo hakuna hesabu rahisi. Inabidi urudi kwenye lenzi na vioo vya kifaa, upake nyuso tabaka la kuzuia mwakisiko, au uinamishe kioo kidogo ili mwali mzimu uende kwingine.

Lipo kosa jingine ambalo enkoda ya mezani hulipuuza bila madhara, lakini katika mashine hii haliwezi kupuuzwa: muda. Meza ikienda milimita 600 kwa sekunde, katika mikrosekunde 1 imesogea nanomita 600. Kwa wimbi la nanomita 250, ishara inazunguka mara milioni 2.4 kwa sekunde. Ikiwa kichwa kimoja kinasomwa nanosekunde 1 baada ya mwenzake, tofauti yao ni nanomita 0.6, kubwa kuliko makosa yote ya duara niliyoyataja. Nanosekunde 1 ni kama sentimita 20 za waya. Kwa hiyo urefu wa nyaya unaingia kwenye hesabu ya umbali, na kila kipimo lazima kibebe saa yake. Kuchukua wastani wa vipimo vingi hupunguza kelele, vipimo 16 vikiishusha hadi robo, lakini wastani hula muda, na meza inayokimbia haina muda wa kukupa. Tena wastani hautibu duara bovu: meza ikisimama, vipimo 1,000 vitarudia kosa lilelile mara 1,000.

Kuhusu vioo vya darini nitapita haraka. Rula ikishakuwa kioo, kila kosa la mistari linakuwa kosa la mashine. Joto lake nalo linahesabika: chuma cha kawaida chenye urefu wa milimita 400 hutanuka nanomita 48 hivi kwa digrii 0.01. Kioo cha jamii isiyotanuka, kama Zerodur ya Schott, kinaweza kubaki chini ya nanomita 0.1. Mistari yenyewe haiwezi kuchorwa bila hitilafu, hivyo inapimwa na ramani ya makosa yake inahifadhiwa. Hapa ule mpangilio wa vichwa vinne unalipa mara ya pili. Kila kichwa hupima pande mbili, mmoja wa mlalo na mmoja wa wima. Vitatu vinatosha kujua miondoko yote sita ya meza, na ndivyo inavyokuwa kichwa kimoja kinapopita chini ya lenzi ambako hakuna kioo. Lakini vinne vikiona kioo, kuna vipimo 8 kwa mambo 6. Viwili vya ziada vinapaswa kukubaliana na vingine. Visipokubaliana, kioo kinakiri makosa yake chenyewe.

Nikon, mshindani wa Kijapani, walifikia uamuzi unaofanana katika mashine yao ya NSR-S620D, ila wao walichanganya enkoda na intaferometa. Kwa maoni yangu hilo linaonyesha kwamba tatizo lilikuwa la hewa kweli, si la mtindo wa kampuni moja.

Sasa rudi kwa yule mwenye enkoda ndogo mezani. Vichwa vingi vya bei ya wastani hutoa wimbi la mikromita 20. Ukiligawa mara 4,096 unapata hatua ya nanomita 4.9, ukiligawa mara 16,384 unapata 1.2. Lakini hesabu za duara nazo zinakua kwa kiasi kilekile. Kitovu kilichohama asilimia 1 sasa ni kosa la nanomita 32. Kelele ya elektroniki ya sehemu 1 kwa 1,000 ya ukubwa wa wimbi, ambayo si mbaya hata kidogo, ni nanomita 3.2. Na kama rula yake imebandikwa kwenye chuma cha milimita 100, digrii 1 ya joto la chumba, kile kiasi kinachopanda watu watatu wakiingia maabara, inaitanua zaidi ya mikromita 1.

Huyo ningemwambia aanze na oskiloskopu, si na katalogi. Achore duara lake, alitazame likiwa halijanyooshwa, asogeze kichwa juu, chini na pembeni mpaka liwe la mviringo kadiri mikono inavyoweza, ndipo programu imalizie kwa njia ya Heydemann. Kisha asimamishe meza na aandike vipimo kwa saa nzima, ajue kelele ni kiasi gani na mwendo wa joto ni kiasi gani, maana yanatibiwa tofauti. Akimaliza hayo na bado anahitaji hatua ndogo zaidi, ndipo atafute wimbi fupi zaidi. Enkoda za Laserscale kutoka Japani, kwa mfano, hutumia mistari iliyoachana nanomita 550 hivi na kutoa wimbi la takriban nanomita 138. Ukiligawa hilo mara 8,192 unapata pikomita 17 (pikomita ni sehemu moja ya elfu ya nanomita), ndogo kuliko nafasi kati ya atomi na atomi ndani ya kioo. Lakini mistari ya karibu namna hiyo ni kali kwa anayefunga: kichwa kikikaa mshazari kidogo tu, miali miwili haikutani sawasawa, wimbi linafifia, na kelele inapanda upya.

Mashine za chipu zina nafuu moja ambayo fundi wa mezani mara nyingi hana. Hazihitaji kujua kwamba milimita 300 ni milimita 300 hasa. Zinahitaji tabaka la leo liangukie juu ya tabaka la wiki iliyopita. Kosa la kioo linalojirudia kwa uaminifu kila siku halidhuru chochote, mradi kisahani kirudi kwenye mashine ileile. Shida huanza kisahani kinapochapwa tabaka la kwanza kwenye mashine moja na la pili kwenye nyingine, kila moja na dari lake na ramani yake ya makosa. Hapo wahandisi hukaa na visahani vya majaribio, wakizilinganisha ramani hizo mbili mpaka kosa la dari moja lifanane na kosa la dari jingine.